Sikiliza Filamu Kwanza, Ndipo Ununue Santuri Yake

Filamu za kutisha nilianza kuzitazama katika kibanda umiza, ambako mtafsiri huzungumza juu ya kila kitu: hueleza nani anakuja, humtania mhusika anayeingia gizani, na muziki ukipanda naye hupandisha sauti. Kwa miaka mingi, basi, nilizijua sura za filamu hizo bila kuujua muziki wake. Nilipokuja kuzitazama peke yangu usiku, bila mtafsiri, ndipo nilipotambua kuwa nusu ya hofu ilikuwa imefunikwa na maneno ya yule bwana. Tangu hapo ninakusanya santuri za muziki wa filamu za kutisha za zamani, hasa zile ambazo watu wachache huzipenda kupita kiasi, na ninaandika haya ili mwenzangu anayeanza asilipie kosa nililolilipia mimi.

Kosa lenyewe lilihusu Dawn of the Dead, filamu ya George Romero ya mwaka 1978. Aliyeitazama atakumbuka ule muziki wa kuchekesha, mithili ya bendi ya gwaride, unaopigwa huku wafu wakizurura ndani ya jengo la maduka. Nilikuwa nikiupiga mluzi hata nikiwa kwenye foleni ya benki. Nikaagiza albamu kutoka Ulaya, nikalipa nauli ya mzigo iliyokaribia bei ya santuri yenyewe, nikaongeza ushuru, kisha nikaketi na kuweka sindano. Upande wa kwanza ukaisha. Nikageuza, na upande wa pili nao ukaisha, lakini muziki wangu haukuwamo.

Muuzaji hakunidanganya, mimi ndiye sikusoma. Jaladani paliandikwa Goblin, kundi la Kiitalia, na kilichokuwamo ni Goblin kweli. Katika toleo lake mwenyewe, Romero alichanganya kazi ya kundi hilo na vipande vya maktaba ya De Wolfe, yaani muziki uliorekodiwa mapema ili kukodishwa kwa watengenezaji wa filamu, ilhali toleo lililohaririwa na Dario Argento, mwongozaji wa Kiitalia, kwa ajili ya Ulaya liliwaegemea zaidi Goblin. Kipande nilichokitafuta kinaitwa The Gonk, cha Herbert Chappell, nacho ni cha maktaba. Kwa hiyo, kabla hujalipa, linganisha orodha ya nyimbo za albamu na majina yanayopita mwishoni mwa toleo ulilolitazama wewe, si toleo wanalolisifia wengine.

Ukiuliza uanzie wapi, nitakujibu bila kusita: anza na Halloween ya mwaka 1978. John Carpenter, aliyeiongoza, ndiye pia aliyeitungia muziki, kwa sababu fedha zilikuwa haba. Jaribu kuufuata ule wimbo mkuu kwa makofi utaona unakuponyoka, maana unakwenda kwa mapigo matano pale ambapo sikio linasubiri manne. Carpenter amesimulia kwamba aliwahi kumwonyesha mkubwa mmoja wa studio filamu hiyo kabla ya kuitia muziki, na mtazamaji huyo hakuogopa hata kidogo. Ninaamini kabisa. Itazame mara moja ukiwa umezima sauti, na utabaki na mtu aliyevaa barakoa akitembea polepole.

Kuhusu bei, vuta subira. Muziki wa The Wicker Man, filamu ya Uingereza ya mwaka 1973 ambayo nyimbo zake zilitungwa na Paul Giovanni, haukupata albamu hadi mwaka 1998, na waliosubiri miaka 25 hawakufa kwa kusubiri. Santuri iliyoadimika leo huenda ikachapishwa upya kesho kwa sauti safi zaidi, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kuuza simu yake ili apate chapa ya kwanza. Santuri za rangirangi, nyekundu kama damu na kijani kama usaha, ni mapambo tu. Nami ninazo nne, naona haya kusema.

La mwisho ni joto, na kwa sisi tunaoishi pwani si jambo dogo. Zisimamishe santuri wima, wala usizilaze moja juu ya nyingine, zikae mbali na dirisha, na usiziache ndani ya gari hata kwa dakika unazodhani ni chache. Niliiacha Suspiria kwenye kiti cha nyuma nilipoingia kununua mkate, nikakutana na jirani, tukazungumza. Niliporudi, ukingo ulikuwa umepinda kama chapati iliyopoa. Hiyo nayo ni kazi ya Goblin, kwa filamu ya Argento ya mwaka 1977, na inasemekana mwongozaji huyo aliwapigia waigizaji muziki huo kwa sauti kubwa wakati wa kupiga picha. Nimeshanunua nyingine, nzima, iliyo kabatini. Ila usiku huwa ninaipiga ile iliyopinda: sindano hupanda na kushuka, wimbo unaofanana na wa kumbembeleza mtoto huyumba, na mke wangu hunitaka nifunge mlango.