Kisima kipo mita 14 kutoka choo cha jirani: je, maji yanafaa kunywewa?

Swali: Shikamoo mhandisi. Naishi Mbagala, Dar es Salaam. Nina kisima cha kuchimba kwa mkono, kina chake mita 9. Kiangazi maji hushuka hadi mita 5 kutoka juu, masika hupanda hadi mita 2. Choo cha shimo cha jirani kipo mita 14 kutoka kisimani, na shimo lake lina kina cha mita 3. Septemba nilipeleka maji maabara: Ekoli (bakteria wa kinyesi) 0, naitreti (kemikali yenye naitrojeni inayoyeyuka majini) miligramu 85 kwa lita. Afisa afya anasema nikifukie kwa kuwa sikufikisha mita 30. Fundi anasema maji ni safi maana hayana bakteria. Binti yangu amejifungua na anamchanganyia mtoto maziwa ya kopo. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na mtoto, kwa sababu hilo halingoji. Maji hayo yasitumike kabisa kwenye maziwa yake, hata yakichemshwa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa naitreti kuwa miligramu 50 kwa lita, na sababu kubwa ni watoto wachanga wanaolishwa kwa chupa: naitreti ikizidi, damu yao inashindwa kubeba oksijeni. Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti hubaki, tena huongezeka nguvu kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Klorini nayo haiiondoi.

Sasa hizo mita 30. Mwongozo wa Sphere, unaotumika kwenye kambi na maafa, unazitaja, lakini unataka pia kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Watu wengi wameshika nusu ya kwanza tu. Kwako nusu ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi: masika maji yakifika mita 2, shimo la mita 3 linazama kwa mita nzima. Udongo mkavu chini ya choo, ambao ndio mchujio bora kuliko wote, haupo tena.

Wataalamu wa maji ya ardhini huuliza siku, si mita. Bakteria wengi hufa au kunaswa njiani, hivyo maji yakichukua zaidi ya siku 50 kutoka chooni hadi kisimani hatari huwa ndogo sana. Chini ya siku 25 ni kubwa. Chukua mteremko wa maji wa mita 1 kwa kila mita 100. Kwenye mchanga laini wenye uwezo wa kupitisha mita 5 kwa siku, na wenye nafasi za maji asilimia 25, maji yanasogea sentimita 20 tu kwa siku (mita 5 mara mteremko wa 1/100, gawanya kwa 0.25), kwa hiyo mita 14 zinachukua siku 70. Mchanga ukiwa wa chembe kubwa, wenye uwezo wa kupitisha mita 20 kwa siku, ni siku 17 au 18. Umbali ni uleule! Ukifunga pampu ya umeme na kuvuta kwa nguvu, siku hizo zinapungua zaidi.

Ndiyo maana fundi amekosea. Naitreti haifi wala haichujwi na mchanga; inakwenda na maji popote yaendapo. Miligramu 85 zinaonyesha kwamba kinyesi na mkojo wa mtaa vinakifikia kisima chako, pengine kutoka vyoo vingi na si cha jirani huyo peke yake. Ekoli 0 ya Septemba ni matokeo ya msimu mkavu. Pima tena masika, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, chupa iliyotakaswa ikae kwenye barafu na ifike maabara siku hiyohiyo.

Lakini kukifukia sikubaliani nako. Guy Howard na wenzake walichunguza chemchemi za Kampala, wakachapisha mwaka 2003: uchafu ulipanda haraka baada ya mvua, na kilichochangia zaidi kilikuwa ujenzi mbovu wa chemchemi na kinyesi kilichozagaa juu ya ardhi, kuliko vyoo. Lakini maeneo waliyochunguza yalikuwa na vyoo vichache, kwa hiyo usiache kukihofia choo cha jirani. Ila mdomo wa kisima ni kazi unayoweza kuianza wiki hii. Inua ukingo, mwaga sakafu ya zege kuuzunguka na mfereji wa kupeleka maji mbali, ziba viungo vya pete za juu hadi mita 3, weka mfuniko. Ndoo za kila mtu zisiingie.

Maji hayo fulia, osha vyombo, deki. Ya kunywa na kupikia chukua bombani au kioski, na hata hayo yachemshe.

Kwa jirani, nenda kwa upole, ikiwezekana na mjumbe. Mwombe shimo likijaa aite gari la majitaka na asitapishe choo wakati wa mvua, kwani kinyesi hicho kitaishia kwenye visima vya wote, chake kikiwemo. Akijenga kingine, kiinuliwe juu ya ardhi ili kitako kibaki pakavu hata masika.