Picha ya Kijana Isiwe Bei ya Matibabu Yake

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kamati ya wazazi inayochangisha fedha za kuwatibu vijana wenye uraibu wa dawa za kulevya na matatizo ya afya ya akili. Wenzangu wanataka kijana wa miaka 15, aliyetoka kituoni mwezi uliopita, asimame mbele ya wafadhili aeleze aliyoyapitia, na picha yake itumike katika mabango. Mama yake ameridhia. Mimi nasita, lakini naambiwa kwamba watu hawatoi mpaka waone sura. Je, nakosea?

JIBU: Hukosei, ndugu mweka hazina. Ridhaa ya mama ni ya lazima lakini haitoshi, na hata kijana mwenyewe akikubali, jiulize angewezaje kuwakatalia watu waliomlipia matibabu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 16, unalinda faragha ya kila aliye chini ya miaka 18. Na picha ikishasambaa mtandaoni, itamkuta siku atakapoomba kazi au kuposa. Kama ni lazima asimame mtu, atafutwe mtu mzima aliyeacha miaka mingi iliyopita na anayejitolea kwa hiari yake.

Wenzako wana hoja, sikatai: mchango bila kisa huwa mgumu. Lakini kisa si lazima kiwe cha mtoto mmoja. Waelezeni wafadhili jambo ambalo kamati nyingi hulisahau, yaani kinachofuata baada ya kituo. Arosto, yaani maumivu na mahangaiko ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, huisha kwa siku au majuma machache, ilhali ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20, na sonona au wasiwasi uliomsukuma kutumia haukuondoka pamoja na sumu mwilini. Aliyekuwa akitumia heroini hukabiliwa na hatari kubwa zaidi, kwa sababu mwili wake umepoteza ustahimilivu wa dawa hiyo, na kiasi alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua. Kwa hiyo bajeti inayoishia siku ya kuruhusiwa ni nusu bajeti. Tengeni fungu la ushauri nasaha wa kila juma, dawa za sonona pale daktari anapoziandika, vikao vya familia na nauli, kisha mwiteni mtaalamu wa kituo awaeleze wafadhili gharama ya kila kimoja.

Fedha zilipwe moja kwa moja kwa kituo kilichosajiliwa na kinachoruhusiwa kupokea watoto, kwa stakabadhi, na taarifa mtakayowapa wafadhili itaje idadi ya waliohudumiwa bila majina.

Kijana huyo akitaka kusaidia siku ya hafla, apange viti au apokee wageni kama vijana wengine, pasipo yeyote kuambiwa historia yake.