Muulize Fundi: Simu yangu inaweza kuwa kinanda cha muziki cha kompyuta?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nafundisha kwaya hapa Kilosa na nyimbo nazitungia kwenye FL Studio, programu ya muziki, kwa kompyuta mpakato ya Windows. Kinanda kidogo cha USB nilichokuwa nacho kiliingia maji wakati wa masika, na bei ninayotajiwa dukani haibebeki. Nimeweka programu ya kinanda kwenye simu yangu ya Android, nikaiunganisha na kompyuta kwa Bluetooth. Nikibonyeza, sauti inatoka kweli kwenye kompyuta, lakini ni ileile ya simu. FL Studio haisikii kitu. Waya siwezi kutumia, tundu la chaji limelegea. Nifanyeje?
Mwalimu wa kwaya, Kilosa

JIBU: Marahaba Mwalimu, na pole kwa kinanda. Inawezekana, tena bila bando ukishapakua programu zenyewe. Kwanza vunja huo muunganisho wa Bluetooth, maana ndio uliokupoteza. Umeigeuza kompyuta kuwa spika ya simu, unaipelekea sauti. FL Studio haihitaji sauti, inahitaji taarifa: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, imeachiwa lini. Lugha ya taarifa hizo ni MIDI, ipo tangu 1983, na haina maneno mengi. Kila noti ina namba kati ya 0 na 127, C ya kati ni 60, na nguvu ya kidole nayo ni namba. Kwa hiyo hata spika ya simu yako ingekuwa imepasuka, piano itakayosikika ni ya kompyuta.

MIDI ya kupita Bluetooth nayo ipo, ila kwenye Windows programu nyingi za muziki haziioni mpaka uweke nyingine ya kuzikutanisha. Nilihangaika nayo nikaiacha. Wewe pita kwenye waifai.

Kwenye kompyuta weka rtpMIDI ya Tobias Erichsen, programu ya kupokea MIDI kupitia mtandao. Kwa matumizi ya nyumbani hailipiwi. Kwenye simu tafuta programu ya kinanda ambayo maelezo yake yanataja RTP-MIDI. Usipoliona neno hilo usiipakue, hata ikiwa na nyota tano. Mimi nilianza na TouchDAW. Kisha washa hotspoti ya simu, zima data, unganisha kompyuta. Hapa watu huniona natania, lakini hotspoti isiyo na data bado ni mtandao kati ya vifaa viwili, nasi hatutaki zaidi ya hapo. Fungua rtpMIDI, bonyeza alama ya kujumlisha upate kikao (session), kiwashe, halafu unganisha simu na kikao hicho. Windows ikiuliza kama iiruhusu programu ipite kwenye fayawoli, weka tiki kwenye mitandao ya umma pia, kwa sababu hotspoti ngeni mara nyingi huihesabu ya umma. Wengi wanaoniletea kompyuta wamekwama hapo tu. Ndani ya FL Studio bonyeza F10, nenda sehemu ya MIDI, chagua jina la kikao chako, washa Enable.

Kesho utaniuliza mbona sauti inachelewa, kwa hiyo nakujibu leo. Jioni moja hapa Tanga niliilaani waifai saa nzima: nagusa C, inalia nimeshafika E. Nikabadilisha programu, nikazima simu zote za nyumbani mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Kumbe sauti ya kompyuta ilikuwa inatokea kwenye spika ya Bluetooth juu ya kabati, na spika hizo hulimbikiza sauti kwanza ndipo ziitoe. Nikachomeka hedifoni za waya, nusu ya tatizo ikaisha. Nusu nyingine ilikuwa bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta huliandaa kwanza kabla ya kulitoa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 inakula kama milisekunde 23. Ya 256 haifiki 6. Kwenye mipangilio ya sauti chagua FL Studio ASIO, shusha bafa taratibu mpaka usikie mikwaruzo, kisha rudi juu hatua moja.

Ila kioo ni kioo, Mwalimu. Hakijui umegonga kwa hasira au kwa upole; programu nyingi hukadiria nguvu kwa kuangalia umegusa sehemu gani ya kitufe. Mimi hupiga kila kitu kwa nguvu moja, nikarekebisha baadaye kwa kipanya cha kompyuta. Besi au mstari wa alto napiga vizuri tu. Kodi (chord), yaani noti kadhaa kwa pamoja, ya vidole vinne kwenye simu ni kubanana, na macho hayabanduki kwenye kioo kwa sababu kidole hakihisi mpaka wa kitufe. Noti ikikwama ikaendelea kulia, Ctrl+H inanyamazisha zote.

Jumapili kanisani usiithubutu. Simu itaita katikati ya pambio.

Na hilo tundu la chaji lipeleke kwa fundi simu hata hivyo. Android kuanzia toleo la 6 inaweza kuonyesha chaguo la MIDI kwenye menyu ya USB. Simu yako ikiwa nalo, siku waya utakapokaa rtpMIDI utaifuta.