Kusaidia wagonjwa kama Mkristo: mimi nilianza kwa kuharibu

Mleta uzi anasema ameokoka, ana moyo wa kusaidia wenye shida, ila kipato chake ni cha kuungaunga, aanzie wapi. Wengi mmemwambia aanzie kwenye vikundi vya kanisani kwake. Sipingi. Mimi nilianzia huko huko.

Nipo Moshi, msharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri. Kikundi chetu kilikuwa kinakwenda hospitali moja hapa mjini kila mwisho wa mwezi. Tunashona vitenge sare, tunabeba soda, biskuti na sabuni, tunaimba pambio, tunaomba, tunagawa, tunapiga picha, hao tunaondoka. Siku moja simu ilinidondoka, nikainama kuiokota chini ya kitanda cha mama mmoja aliyetoka Simanjiro. Nikakuta soda nne zimepangwa mstari, hazijafunguliwa. Nikamuuliza mbona hanywi. Akacheka kidogo: "Nina sukari, mwanangu. Ukikataa, wanasema una kiburi."

Niliona aibu sana. Vikundi vingapi vimepita pale, na hakuna aliyeuliza! Basi nikamuuliza, mama, unapungukiwa nini? Akasita, kisha akavuta mfuko wa rambo. Ndani kulikuwa na kanga mbili na gauni, chafu tangu alipolazwa. Hapa mjini hana ndugu, na mwanawe amebaki na mifugo. Nilizibeba hadi nyumbani Pasua, nikafua, nikapiga pasi, kesho yake jioni nikamrudishia. Alizinusa kwanza, ndipo akazikunja. Gharama yangu ilikuwa sabuni ya unga na nauli ya daladala.

Moshi watu wa namna hiyo ni wengi kwa sababu ya rufaa. Hospitali ya rufaa ya KCMC inapokea wagonjwa wa kanda nzima ya kaskazini, na ilifunguliwa 1971 na taasisi ya Kikristo iliyojiita kwa jina la Msamaria Mwema. Mfano wenyewe, Luka 10, tunauhubiri kila mwaka, tunamsema kuhani, tunamsema Mlawi, waliompita majeruhi njiani, tunaishia hapo. Mimi siku hizi nakaa kwenye mstari wa 35. Yule Msamaria alitoa dinari mbili, na kwa Mathayo 20 dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Akamwachia mwenye nyumba ya wageni amtunze yule majeruhi, akaendelea na safari zake, ila aliahidi akirudi atalipa kilichozidi. Yaani hakuacha kazi yake akahamia pale. Ila alikuwa mtu wa kurudi. Nauza maharage Mbuyuni, siwezi kushinda wodini, lakini kurudi Jumatano naweza.

Chakula muulize muuguzi kwanza. Mtori ni mzuri, ila mwingine amezuiwa chumvi, mwingine anasubiri upasuaji hatakiwi kula chochote. Na umwangalie anayemuuguza mgonjwa: mara nyingi ndiye mwenye njaa kuliko wote, na hakuna anayemwimbia pambio.

Pesa taslimu ni mtihani. Kuna kijana nilimpa nauli ya Singida, wiki iliyofuata nikamkuta stendi anamweleza mtu mwingine hadithi ile ile, neno kwa neno. Iliniuma. Tangu hapo, aliyeruhusiwa akikosa nauli naenda naye kukata tiketi, na nikiwa sina nasema sina. (Najua wapo watakaosema toa tu, Mungu anaona. Sawa, lakini na mimi nina watoto.)

Kuhusu kuhubiri: kitanda cha pili alikuwepo bibi Mwislamu, naye akanipa kanga afuliwe. Sikumletea trakti. Na kabla ya kumwombea Mkristo mwenzangu naomba ruhusa, kwa sababu kuna mmoja aliniambia, "Leo usiombe, kaa tu." Nikakaa karibu saa nzima, hatukuongea lolote. Alipolala nikaondoka.

Picha tuliacha. Waliochukia walihama kikundi, tukabaki sita.

Mleta uzi, nenda peke yako saa za kuona wagonjwa, mikono mitupu, ukaulize. Kama upo Moshi nitumie ujumbe, nina mabeseni mawili na kamba ndefu ya kuanikia.