Nimewaambia wanangu nina mradi, kumbe nakaa tu barazani

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mstaafu wa miaka 57. Nilikuwa mtumishi wa serikali Dar es Salaam, nikastaafu kwa hiari, tukahamia nyumbani kwa mume wangu, kijiji kimoja jirani na Soni, wilayani Lushoto. Mimi asili yangu ni Bagamoyo. Watoto wetu watatu wana kazi zao mjini. Tulipohamia walikuwa wakinipigia kila siku: "Mama, unafanya nini huko?" Nikisema nimekaa, wanacheka, au wanasema nitazeeka haraka, nirudi nifungue hata duka. Siku moja nikachoka nikawaambia nina mradi wa parachichi. Shangazi, walifurahi! Wakachanga shilingi milioni 1.5. Nimepanda miche 12. Nyingine nimeezekea baraza upya na kununua viti viwili. Imebaki laki sita, ipo kwenye simu.*

*Ukweli ni kwamba sitaki mradi. Asubuhi natoka nje na kikombe changu cha chai, naangalia ukungu unavyopanda kutoka bondeni mpaka migomba inaanza kuonekana mmoja mmoja. Hondohondo wakipita nasikia mabawa kabla sijawaona. Nachambua maharage, napika, mvua ikinyesha mchana nalala. Usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani, maana baridi ya huku si mchezo, tunasikiliza redio. Mume wangu baada ya swala ya alasiri huenda kucheza bao na wenzake. Sijawahi kupata raha namna hii tangu nizaliwe, na ndiyo maana naona kama naiba. Sasa kijana wangu mkubwa anakuja Desemba "kuona mradi". Nifanye nini? Na je, ni vibaya mtu mzima kupenda kukaa tu?*

*Mstaafu, Soni*

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako nikicheka, halafu nikairudia pale penye ukungu na migomba, mara hii bila kucheka. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu la kwanza linalitegemea.

Kukaa si vibaya. Miaka yote hiyo umeamka gizani kuwahi daladala, umelea watoto watatu mpaka wamejitegemea, leo mwili umepata mahali pa kutua, halafu unaniuliza kama ni ruhusa! Ni ruhusa. Shida ni kwamba kwetu mstaafu haachwi apumue. Mafao hayajaingia benki, watu wameshampangia: kuku wa mayai, bajaji, tikitimaji, fremu za kupangisha. Ndugu anajua mtu anayeuza vifaranga, jirani anajua dereva mwaminifu. Barua za waliosikiliza ushauri wa aina hiyo zinanifikia mimi. Kuku walikufa kwa mdondo zikiwa zimebaki siku chache waanze kutaga. Bajaji haileti hesabu, na dereva mwaminifu hapokei simu. Ukijilinganisha na hao, mradi wako wa kukaa umekula baraza moja na viti viwili, na vyote bado vipo na vinatumika. Kwa hesabu zangu wewe ni mmoja wa wastaafu waliofanikiwa.

Tena huko uliko si wewe wa kwanza kupanda mlima kutafuta utulivu. Wajerumani walipolikimbia joto la pwani walijenga mji hapo Lushoto wakauita Wilhelmstal, na baada yao Waingereza nao wakapanda. Mpaka leo kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya, wanalala Lushoto, wanalipa mtu awaongoze mpaka ukingo wa Irente wakakae juu ya mwamba waangalie mashamba ya mkonge ya Mazinde kule chini. Wanakaa pale saa nzima hawasemi kitu. Hakuna anayewauliza wana mradi gani.

Na hao hondohondo wako. Kishindo unachokisikia hukizushi. Ndege wengi wana vinyoya vidogo chini ya bawa vinavyoziba mianya, hondohondo hana, kwa hiyo kila akipiga bawa upepo unapita katikati ya manyoya makubwa na kuvuma. Ndiyo maana unamsikia kabla hajatokeza kwenye miti. Lakini mtu aliyewasha televisheni tangu asubuhi anaweza kukaa Lushoto miaka 20 asiusikie mvumo huo. Wewe umeusikia. Huo ni usikivu, na mtu mvivu hana habari nao.

Hata hayo maharage. Mtu unakaa na ungo mapajani, unasogeza punje kwa kidole, vijiwe huku, yaliyotobolewa na wadudu kule, mepesi yanapepetwa, na mawazo yanakwenda yanakotaka bila kuvurugwa na simu wala foleni. Ikifika wakati wa kuyabandika umeshamaliza kumfikiria mtu uliyemkasirikia tangu mwaka juzi. Wanao wanaliita hilo "kukaa tu" kwa sababu wao wananunua yaliyochambuliwa tayari.

Tukifika kwenye hilo neno lako, kwamba unaona kama unaiba, hapo nataka unisikilize vizuri. Una vitu viwili umevifunga kwenye kanga moja. Kuna raha yako, na kuna hela ya watoto. Raha ni yako halali, umeitolea jasho. Hela waliitoa kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Dhamiri yako inakusuta kwa hela, wewe unadhani inakusuta kwa raha. Zitenganishe. Ukishalimaliza la hela, kaa tena kwenye kile kiti asubuhi na kikombe chako, uone kama bado kuna kitu kinakuchoma. Mimi nadhani hakitakuwepo.

Kwa hiyo usisubiri Desemba. Mpigie mkubwa wiki hii, jioni, akiwa ametoka kazini na ameshakula. Usiandike kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kule mmoja atajibu kabla hajamaliza kusoma, wa pili atatuma kikatuni cha kucheka, wa tatu atakasirika kwa sababu ya kikatuni. Mwambie hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Mwanangu, ule mradi wa parachichi mliochangia haupo. Ipo miche 12. Hela nyingine nimeezekea baraza na kununua viti, imebaki laki sita, niambieni niirudishe au niifanyie nini. Nilisema vile kwa sababu kila nikiwaambia nimekaa mnaona kama naumwa. Siumwi. Nimepapenda huku." Ukishasema hayo, nyamaza. Usianze kueleza bei ya bati. Akikasirika mwache akasirike, ana haki, hela ni yake. Wadogo zake uwapigie wewe mwenyewe, wasiisikie kwake.

Najua kuna wazo linakujia. Mvua za vuli ndizo hizi, laki sita ipo, ukinunua miche mingine na kuita vijana wawili wachimbe mashimo, Desemba shamba litaonekana shamba. Usithubutu. Mparachichi wa kupandikizwa hukaa kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa vizuri, na muda huo wote unataka palizi, samadi, na maji wakati wa kiangazi. Utakuwa umejifunga miaka mitatu kumwagilia uongo. Ile 12 iliyopo itunze, inawatosha nyie wawili na majirani, na ikizaa kupita kiasi utajua cha kufanya.

Halafu kuna mtu mmoja kwenye barua hii hujamtaja sana. Viti ni viwili. Mzee anajua hela ya viti ilitoka wapi? Kama hajui, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, kabla ya mtoto yeyote. Na muulize pia yeye anapaonaje. Umesema anakwenda kwenye bao kila siku. Inaweza kuwa ni raha yake kama ulivyo ukungu kwako, inaweza pia kuwa nyumba imemzidi ukimya. Mwanamume aliyerudi kwao baada ya miaka mingi mjini anakuta rafiki zake wa utotoni nusu wako makaburini, na hilo hatakwambia usipomuuliza.

Mambo mawili hukuniuliza ila nitakujibu, maana ndiyo faida ya kuwa na shangazi.

La kwanza, hilo jiko la mkaa chumbani. Litoeni leo. Si kesho. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu anahisi usingizi tu, kichwa kizito, analala na haamki. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizokutwa hivyo asubuhi. Oteni moto jikoni mlango ukiwa wazi mpaka mishipa ilegee, kisha nendeni kulala na mablanketi mawili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa miguuni. Mkibanana kidogo pia haidhuru, nyie ni mke na mume.

La pili ni zito zaidi. Umesema hapo ni nyumbani kwa mume wako, na wewe ni mtu wa Bagamoyo. Ardhi hiyo ni ya nani kwenye karatasi? Wajane wengi wameniandikia wakiwa na mabegi uani, baraza walilolijenga kwa mafao yao limechukuliwa na shemeji kabla arobaini haijaisha. Simwombei mzee mabaya. Lakini utulivu unaoufaidi kila asubuhi umekaa juu ya kiwanja, na kiwanja kinataka maandishi. Kama mko kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaruhusu mume na mke waandikwe wote wawili kwenye hati ya hakimiliki ya kimila, na maombi yanaanzia halmashauri ya kijiji. Kama ni ardhi ya ukoo, mzee aongee na nduguze sasa, akiwa na nguvu zake, mbele ya watu, ajulikane nani ana haki gani. Usione haya kulitaja. Mkubwa akija Desemba naye awepo kwenye mazungumzo hayo. Kama anataka sana kuona mradi, huo mwonyesheni.

Na kijijini huko, endelea kuonekana. Watu hawatakuuliza kwa nini umekaa barazani, ila watakuuliza kwa nini hukuonekana msibani. Jifunze salamu za Kisambaa zote, mpaka mwisho wake, maana naambiwa ni ndefu na mtu anayezikatisha katikati anaitwa mtu wa mjini milele. Siku ya gulio shuka, hata kama huna cha kununua. Mgeni anayependa ukimya anaweza kudhaniwa anaringa.

Akifika huyo kijana, usimpangie ratiba. Atakuja na mjini kwake mwilini: siku ya kwanza atatafuta mtandao kila kona ya uwanja, siku ya pili atauliza umeme unakatika mara ngapi. Muache. Mpe kiti cha baba yake asubuhi, mpe chai, wewe endelea na maharage yako. Kama miguu inamwasha, kuna msitu wa Magamba juu ya Lushoto, akaone mbega wanavyoruka na mikia yao yenye ncha nyeupe. Asipotaka, alale. Nina uhakika hajalala mchana tangu aanze kazi. Wala usimshawishi apapende, hakuja kuhamia.

Nawe mwombe akuletee papa mkavu wa kutosha kutoka Bagamoyo, maana mtu wa pwani hawezi kuishi kwa kabichi na karoti peke yake. Ila miche asilete.

*Shangazi*