Shangazi, nilitoe tukio la kifungo?

Shikamoo Shangazi. Naandika riwaya ya mapenzi na nimekwama. Sura ya saba ina tukio ninalolipenda kuliko yote: umeme umekatika, binti anamshonea kijana kifungo cha shati akiwa amelivaa, kisha anaukata uzi kwa meno. Ndilo nililoanza kuliandika, riwaya nzima ikazaliwa hapo. Ukweli ni kwamba hivyo ndivyo nilivyomshonea marehemu mume wangu. Sasa mhariri anataka nilitoe, na wasomaji wawili niliowapa mswada wanasema hapo hadithi inapoa, kwa sababu katika sura ya sita binti amegundua kijana alimficha habari za mchumba wake, wakaachana kwa maneno makali. Nikilitoa naona kama namfuta mume wangu. Nikiliacha naogopa kukiharibu kitabu. Nifanyeje? Na je, nimwambie mhariri kwamba jambo lile lilitokea kweli?

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza mwenzio.

Nianze na jibu, maana ndilo unalolingojea: litoe kwenye sura ya saba. Sisemi hivyo kwa kuwa ni baya. Kichwa cha binti kimeinama karibu kabisa na kifua cha mtu anayeogopa hata kupumua, uzi unakatwa kwa meno; nimeliona lote. Tatizo ni mahali lilipokaa.

Msomaji wa riwaya ya mapenzi anajua tangu mwanzo kwamba wawili hawa watapatana. Kinachomfanya aendelee kusoma ni kile kinachowatenganisha. Katika sura ya sita umemwekea kizuizi kizito, uongo kuhusu mchumba. Kisha, kabla hasira haijapoa, binti yuleyule anamshonea kijana shati kwa upole kama vile hakusikia lolote. Msomaji anajiuliza hasira imekwenda wapi, na kiu yake umeshaikata mapema. Msomaji mmoja akilalamika, unaweza kumpuuza. Wawili pamoja na mhariri wakikwama kwenye kurasa zilezile, wasikilize.

Tazama pia hili: umeme umekatika wenyewe, kifungo kimedondoka chenyewe, na hakuna kati yao aliyeamua chochote. Wanatoka pale walivyoingia.

Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikutana na shida ya namna hii. Alipomaliza riwaya yake Persuasion mwezi Julai 1816, wapenzi wawili wa hadithi hiyo, Anne na Kapteni Wentworth, walipatana kwa kusukumwa na mtu wa tatu: Admerali Croft anamtuma Wentworth amuulize Anne kuhusu uvumi kwamba anaolewa na binamu yake, kisha wanabaki wawili sebuleni. Austen hakuridhika. Akaiondoa sura ile, na mwanzoni mwa Agosti alikuwa ameshaandika mwisho mwingine. Humo Wentworth anamsikia Anne akieleza jinsi mwanamke anavyoendelea kupenda hata matumaini yakishakwisha, naye anachukua kalamu palepale na kumwandikia barua. Safari hii amethubutu mwenyewe, na barua hiyo ndiyo wasomaji wanaoipenda riwaya ile wanayoikumbuka hadi leo. Sura iliyoondolewa haikupotea; karatasi alizoziandika kwa mkono wake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London.

Utasikia watu wakikwambia mwandishi lazima aue vipenzi vyake, yaani afute sehemu anazozipenda mno katika maandishi yake. Ushauri huo aliutoa Arthur Quiller-Couch, mwandishi na profesa wa Kiingereza, katika mhadhara wake Cambridge mwaka 1914, na inaniuma unavyotumiwa kuwavunja moyo waandishi. Yeye alizungumzia maandishi ya kujipamba, na hata hayo alitaka uyaandike kwa moyo wote kwanza, ndipo uyafute kabla mswada haujakwenda kuchapwa. Hakusema kila unachokipenda ni kosa.

Sasa kuhusu mumeo, maana nadhani hapa ndipo penye kidonda. Yule kijana wa sura ya saba si yeye. Kijana amemdanganya binti. Mumeo alikaa mbele yako akakuachia sindano karibu na kifua chake. Umemvika mhusika kumbukumbu isiyo yake, na nadhani ndiyo maana binti ameshindwa kumkasirikia: ni wewe uliyekuwa unashona pale, na wewe hukuwa na hasira. Kwa hiyo, kabla hujagusa mswada, iandike siku ile kama ilivyokuwa. Tumia jina lake halisi. Andika shati lilikuwa la rangi gani, alisema nini, nani alicheka kwanza. Hayo ni yako, wala hayahitaji kupita kwa mhariri.

Ukishamaliza, tunza nakala ya mswada ulivyo, kisha lihamishie tukio kwenye faili lake. Lala. Kesho yake soma kwa sauti mwisho wa sura ya sita uingie moja kwa moja ya nane. Utakaposikia pengo, chunguza ni la nini. Pengine kuna habari inayohitajika mbele, kama vile kijana kugundua kwamba binti anaishi peke yake. Hiyo itafutie sentensi mahali pengine. Kama hakuna pengo, umeshapata jibu.

Kifungo kinaweza kurudi baada ya wao kupatana, binti akiwa ameamua mwenyewe kuchukua sindano. Usilihamishe tukio zima. Mistari michache itatosha, kwa sababu hapo msomaji atakuwa amelisubiri.

Na mhariri, kumweleza si vibaya, ila si sasa. Akishajua, atasita kukukosoa kwa uhuru, na bado unamhitaji. Mpelekee kwanza sura ya sita na ya nane zikiwa zimeunganishwa, asome, akupe maoni yake, ndipo umsimulie.