Kwenda Butiama na familia: usiishie makumbusho

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuitoa familia Mwanza mpaka Butiama, kwao Mwalimu Nyerere, "kuangalia kaburi tu". Mimi kwetu Mara, wageni wakija huwa nawapeleka, so nakujibu kwa ninachokijua.

Njia haina shida. Panda basi la Musoma au Sirari shuka Makutano, hapo unatafuta hiace au boda.

Makumbusho yapo toka 1999, chini ya Makumbusho ya Taifa, kuna picha, nguo zake na zawadi alizopewa na wakubwa wa dunia. Pazuri, ila watoto watapachoka mapema, na watu wengi wakimaliza hapo wanapiga selfi wanageuza gari. Aisee usifanye hivyo. Muombe mwongozaji awapeleke Mwitongo, pale kwenye majabali, ndo nyumbani kwenyewe. Kuna familia wanaishi, kwa hiyo mnapiga hodi kistaarabu, siyo mnapita mnachungulia madirishani.

Huko ndiko utaelewa. Kaburi la Mwalimu lipo hapo, la baba yake Chifu Burito na la mama yake Bi Mgaya pia yapo, na Bi Mgaya alikuwa mke wa tano kati ya 22, amefariki 1997, yaani kamtangulia mwanae miaka miwili tu. Kuna nyumba aliyokuwa anaishi Mwalimu halafu ipo ile kubwa aliyojengewa na jeshi ambayo wala hakuifaidi, 1999 hiyo hiyo akafia London. Wageni wangu wengi wanakuja wakitegemea kasri la mtu aliyetawala mpaka 1985, wanakuta mji wa mzee wa Kizanaki, mawe, miti, na mashamba aliyorudi kulima alipostaafu. Mmoja aliniuliza kabisa "sasa Ikulu yake ndogo iko wapi?" nikacheka.

Ukipata nafasi ya kuona maktaba yake usiiache. Vitabu ni vingi kweli, na ukikumbuka huyu ndiye aliyetafsiri tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, huku anaongoza nchi unabaki unaangalia zile rafu tu. Kwangu mimi hiyo inazidi zawadi zote za marais kule kwenye makabati.

Kuhusu watoto, dawa yake ni kuunganisha na Musoma mjini. Wapeleke shule ya Mwisenge Mwalimu alikoanza darasa la kwanza 1934 akiwa na miaka 12, halafu waambie alitoka Butiama kwa mguu, kilomita arobaini na kitu, njia hiyo mliyoteleza na gari. Wa kwangu walikaa kimya, na wale huwa hawanyamazi.

Kiingilio ukiwa Mtanzania ni nafuu kuliko cha wageni. Ila tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, kama hupendi msongamano na misafara ya viongozi nenda siku nyingine, mwongozaji hatakuwa na muda na nyie. Na kulala laleni Musoma, sato wa pale wa motomoto.